OILI YA GIABOKSI: NAMBA KUBWA SI LAZIMA IWE BORA



Giaboksi ya lori ikivunjika shambani, mtu wa kwanza kuitwa ofisini ni dereva. Ataulizwa kama alikuwa amelewa, kama alipakia kupita kiasi, kama kweli anajua kubadili gia au leseni aliinunua sokoni. Wa pili kuitwa ni fundi wa gereji. Hao wawili wakishamaliza kulaumiana, bei ya giaboksi inaandikwa na mishahara inaanza kukatwa. Kuna swali moja ambalo halikuulizwa: ndani ya giaboksi hiyo ilikuwamo oili gani, na nani aliyeinunua?

Swali hilo ndilo nataka tulizungumze leo. Mimi si injinia. Nilisoma hadi darasa la saba, nikawa taniboi, halafu fundi wa matrekta, kabla chama hakijanipa kazi ya kuzunguka matawi. Lakini jambo la oili halihitaji digrii. Linahitaji kujua maana ya maneno machache yaliyopigwa chapa ubavuni mwa debe. Linamhusu dereva, taniboi, fundi na mtunza stoo. Linamhusu pia mchuma chai anayepanda juu ya mzigo wa majani jioni kwenda kiwandani, ingawa yeye hajawahi kushika spana.

Tuanze na kilichomo ndani ya giaboksi ya mkono. Wengi hudhani kwamba ukivuta mkono wa gia, gia moja inaondoka na kwenda kukamatana na nyingine. Matrekta ya zamani yako hivyo. Lakini katika malori na magari mengi tunayoendesha sasa, meno ya gia za kwenda mbele yamekamatana wakati wote. Unachosogeza wewe ni kola inayoifunga gia moja kwenye shafti yake. Kabla kola haijaingia, ringi inakandamizwa kwenye koni ya gia na kuisugua, mpaka vyote viwili vinazunguka kwa mwendo mmoja. Ndipo kola inaingia bila kelele. Ringi hiyo mafundi wanaiita sinkro, na katika magari mengi, hasa ya zamani, imetengenezwa kwa shaba ya manjano. Ni breki ndogo, si kitu kingine. Inafanya kazi kwa kusugua.

Hapo ndipo ugumu wote wa oili ya giaboksi unapotoka. Kati ya meno ya chuma tunataka oili iteleze sana ili chuma kisigusane na chuma. Kwenye ringi ya sinkro tunataka isiteleze kupita kiasi, kwa sababu breki ikiteleza haishiki. Oili moja, nyumba moja, kazi mbili zinazopingana. Mtengenezaji wa gari amekaa na kupima, akachagua oili inayoweza kufanya kazi zote mbili katika giaboksi yake yeye, kisha akaiandika katika kitabu cha gari. Sisi tunakuja na pipa letu tunasema, "Hii ndiyo nzuri zaidi." Nzuri kwa nini?

Sasa soma debe. Utakuta mambo mawili yenye maana, na mengine mengi ya kuuzia, kama picha ya simba au gari la mashindano. Jambo la kwanza ni uzito wa oili. Umeandikwa baada ya herufi SAE: 90, au 140, au 80W-90, au 75W-90, au 85W-140. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. Palipo na namba mbili, ile yenye W inaeleza tabia ya oili wakati wa baridi, na ile ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa ya moto. Baridi inayosemwa hapo ni ya nchi za theluji. Oili ya 80W hupimwa katika digrii 26 chini ya sifuri, na ya 75W katika digrii 40 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo hata Kabale asubuhi ya mwezi wa saba hatuijui. Kwa hiyo kwetu namba ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa, ingawa ile ya kwanza si bure. Oili ya 75W-90 huifanya giaboksi kuwa laini gari linapoanza safari alfajiri, na ikishapata moto haina tofauti kubwa ya uzito na 80W-90.

Kuna kosa hapa ambalo nimelisikia katika gereji nyingi. Mtu anaona oili ya injini ni 40, ya gia ni 90, anasema ya gia ni nzito zaidi ya mara mbili. Sivyo. Hizo ni mizani mbili tofauti. Oili ya gia ya 90 ikiwa ya moto ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Ukilijua hilo hutashangaa utakapoona kitabu cha gari fulani kinaagiza oili ya injini ndani ya giaboksi.

Kosa la pili ni la makusudi, tena ni la wauza magari na wenye magari wachoyo. Giaboksi ikianza kulia kwa sababu ya beringi iliyokwisha, wanaweka oili nzito ya 140 ili inyamaze. Ni kweli inanyamaza, kwa wiki chache. Beringi inaendelea kufa kimya kimya, na asubuhi gia zinakuwa ngumu kwa kuwa ringi ya sinkro haiwezi kuisukuma oili nzito hivyo itoke njiani. Kelele ya giaboksi ni taarifa, ndugu zangu. Anayeinyamazisha bila kuifungua anawaficha ninyi habari za gari mnalopanda.

Jambo la pili kwenye debe ndilo linaloleta hasara kubwa. Ni herufi GL na namba yake. Namba hizi zimewekwa na taasisi ya mafuta ya Marekani, ile ya herufi API. Zilianzia GL-1 na kupanda hadi GL-6, lakini nyingi zimekwisha kuachwa. Zilizobaki katika matumizi na ambazo utazikuta dukani ni GL-4 na GL-5. Kwa malori makubwa yasiyo na ringi za sinkro ipo nyingine inayoitwa MT-1.

Mtu akiona 4 na 5 anafikiri ni kama madarasa ya shule, kwamba wa tano amemzidi wa nne. Mameneja wengi wanafikiri hivyo, na hata wenye maduka. Lakini namba hizi zinaonyesha aina ya kazi. GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu. Ndani ya difu nyingi, pinioni imekaa chini kidogo ya katikati ya gia kubwa, kwa hiyo meno yake hayasukumani tu bali yanakwaruzana kwa kuteleza chini ya mzigo mzito mno. Oili ya kawaida ingekamuliwa na kutoka katikati ya meno hayo. Ndiyo sababu watengenezaji wanatia dawa za kiberiti na fosforasi, ambazo kwa joto na mgandamizo zinashikana na uso wa chuma na kuufunika. Harufu ile mbaya ya oili ya difu ni kiberiti hicho. GL-5 kwa kawaida ina dawa hizo karibu maradufu ya GL-4.

Tia sasa oili hiyo katika giaboksi ambayo kitabu chake kimesema GL-4. Mambo mawili yanaweza kutokea. Kwanza, ringi ya sinkro inateleza. Haishiki koni vizuri, kola inaingia kabla ya wakati wake, na unasikia kkrrr, hasa gia ya pili na ya tatu. Pili, dawa za kiberiti hazielewani na shaba. Katika oili za zamani, na katika oili za bei rahisi, dawa hizo hula shaba polepole, au huweka juu yake tabaka gumu ambalo linabanduka pamoja na shaba yenyewe kila unapobadili gia. Haki isemwe: viwanda vizuri vya oili vimeendelea, na GL-5 nyingi za siku hizi hazili shaba kama zile za zamani. Tena ziko giaboksi ambazo mtengenezaji mwenyewe ameruhusu GL-4 au GL-5, Toyota nyingi zikiwamo. Kama kitabu kimeruhusu, tia bila hofu. Ninachokataa ni kubahatisha.

Wala msigeuze jambo hili kichwa chini mkasema GL-4 ndiyo salama popote. Ukitia GL-4 katika difu iliyoagizwa GL-5, meno yatakwaruzika na difu itakufa, labda mapema kuliko giaboksi.

Halafu kuna giaboksi ambazo hazitaki oili ya gia kabisa. Land Rover nyingi za miaka ya 1980 zilifungwa giaboksi inayoitwa LT77. Hiyo inakunywa oili nyekundu ya ATF, ile ya giaboksi za otomatiki, ingawa yenyewe ni ya mkono. Lakini nyuma yake imeshikamana na giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma, LT230, na hiyo inataka oili ya gia ya 90. Giaboksi mbili zimekumbatiana chini ya gari moja, kila moja na oili yake. Fundi mgeni akija na debe moja ameharibu mojawapo. Baadhi ya pikapu za Isuzu zinataka oili ya injini katika giaboksi. Malori ya trela yenye giaboksi za Eaton Fuller hayana zile ringi za sinkro, na yanaagizwa oili ya SAE 50 ya namna yake, si ile ya kiberiti ya difu.

Na trekta letu la miaka mingi, Massey Ferguson 135, ambalo liko katika mashamba ya miwa na chai kila upande wa mpaka? Katika trekta hilo oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroli ni ile ile moja, imo katika tumbo moja. Ukitia GL-5 nzito kwa kufikiri unaitunza giaboksi, umeitia pia katika pampu ya haidroli inayoinua plau. Inataka oili ya matrekta iliyotengenezwa kwa kazi zote tatu.

Nitaeleza jambo lililotokea katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Shamba silitaji, wala dereva simtaji. Shamba lilikuwa na malori matatu, matrekta kadhaa na pipa moja la oili ya gia. Pipa lilikuwa 85W-140, GL-5. Karatasi yake ilikwisha kubanduka, na juu yake yameandikwa kwa chaki maneno mawili tu: OILI GIA. Lori moja lilitiwa oili hiyo wakati wa sevisi. Baada ya miezi kadhaa likaanza kukwaruza gia ya pili. Dereva aliandika katika daftari la gereji mara tatu. Mara tatu alijibiwa kwamba aendeshe vizuri.

Siku moja jioni, akishuka mlima kwenda kiwandani na majani pamoja na wachumaji juu, alitoa gia ya tatu ili aingize ya pili. Ya pili ikakataa. Akarudi kwenye ya tatu, nayo ikakataa, kwa kuwa lori lilikuwa limekwisha kuongeza mwendo. Mwenye kuendesha malori milimani anajua maana ya kubaki nyutro katika mteremko. Injini haishiki tena, breki zinabeba mzigo wote, zinapata moto, halafu nazo zinaacha kushika. Dereva huyo alifanya la busara: aliliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Wanawake wawili walitupwa chini, mmoja akavunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Na jambo la wachumaji kupanda juu ya mzigo lenyewe ni vita nyingine ambayo chama bado kinapigana, hapa naliacha.

Dereva aliandikiwa barua ya kulipa giaboksi nzima, kwa kukatwa mshahara kila mwezi. Tawi likaniita. Nilipofika nilikwenda kwanza stoo, nikamkuta mtunza stoo, mzee wa heshima aliyefanya kazi hapo tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee. Pipa hili ni oili gani?"

"Marahaba. Ni ya gia."

"Gia gani, mzee?"

"Gia zote, mwanangu. Hapa tuna pipa moja."

"Na kitabu cha lori kiko wapi?"

"Kitabu kiko ofisini kwa bwana meneja, kabatini. Hapa gereji hakijafika."

Kwa bahati nzuri fundi wa gereji alikuwa bado hajaimwaga oili iliyotoka katika giaboksi. Tuliimimina kidogo katika karai jeupe, tukaitoa nje kwenye jua. Iling'aa kama imetiwa unga wa dhahabu. Ilikuwa shaba. Tukaitazama sumaku iliyo kwenye bolti ya kutolea oili: ilikuwa na ute wa kijivu mdogo tu, kama giaboksi yoyote ya umri ule. Hapa msikilize vizuri. Sumaku haivuti shaba. Fundi anayetazama sumaku peke yake atasema giaboksi haina neno, na huku ringi zote zimekwisha. Shaba lazima uitafute ndani ya oili yenyewe, kwa mwanga mzuri.

Klachi ilipimwa pia, kwa sababu si kila kukwaruza kunatokana na oili. Klachi isiyoachia vizuri inakwaruza gia hata ukiweka oili ya dhahabu. Ilikuwa nzima. Kitabu kilipotolewa kabatini kilisema 80W-90, GL-4.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alituonyesha risiti na kusema, "Tazameni, mimi nilinunua oili ya bei kubwa kuliko hiyo. Kampuni haikubana pesa." Alisema kweli. Alinunua ya bei kubwa, akanunua siyo. Lakini aliyechagua ni ofisi, aliyehifadhi kitabu ni ofisi, na aliyetoa taarifa mara tatu ni dereva. Sasa kwa nini mshahara unaokatwa ni wa dereva?

Hapo ndipo sheria inapoingia. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1963, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara utakatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Mwajiri hajipangii mwenyewe. Wenzetu wa nchi jirani wameandika wazi zaidi. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali alioufanya kwa kosa la makusudi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Pia aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Taniboi anayetia oili aliyopewa na stoo ana kosa gani la makusudi? Na dereva ambaye hata hakuitia?

Kwa hiyo, viongozi wa matawi, giaboksi ikivunjika msianze na kelele ofisini. Anzeni na oili. Zuieni isimwagwe. Jazeni chupa safi, andikeni tarehe na namba ya gari, dereva na fundi waweke sahihi zao. Pigeni picha ya pipa na ya ukurasa wa kitabu. Simu za siku hizi zinatosha. Chupa hiyo itasema katika kikao mambo ambayo hotuba yangu haiwezi kusema.

Sasa maneno machache kwa wanaoshika spana. Kabla ya kutoa oili ya zamani, fungua kwanza bolti ya juu, ile ya kujazia. Nimeona magari yaliyomwagwa oili yote chini, kisha bolti ya juu ikakataa kufunguka au kichwa chake kikaliwa, na gari likalala hapo siku mbili. Toa oili ikiwa na uvuguvugu baada ya safari fupi, maana ikiwa baridi uchafu unabaki ndani. Isiwe ya kuunguza. Gari liwe mahali tambarare, limewekewa vigingi magurudumuni, na kama limeinuliwa lisimame juu ya stendi. Jeki peke yake imeua mafundi wengi.

Katika giaboksi nyingi oili hujazwa mpaka usawa wa tundu la kujazia, ianze kutiririka kidogo, basi. Ukizidisha itachemka povu na kutafuta njia kupitia sili, mpaka ifike kwenye klachi. Ikiwa oili iliyotoka ni nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa kuvuka mito au kwa kuosha gari kwa pampu ya nguvu. Angalia pia kile kipumulio cha juu kama kimeziba. Ukigundua oili isiyofaa imetiwa, usingoje sevisi ijayo. Itoe, tia ile sahihi, endesha safari fupi bila mzigo, itoe tena, ndipo ujaze ya kubaki. Ni gharama, lakini ipime na bei ya ringi nne na kazi ya kushusha giaboksi.

Muda wa kubadili ni ule wa kitabu. Vitabu vingi vinatoa muda mfupi zaidi kwa kazi ngumu, na lori la shambani linalopanda milima na mzigo katika vumbi ni kazi ngumu, hata meneja aseme nini.

Mjihadhari na oili ya madebe yaliyofunguliwa na kujazwa upya. Debe la jina kubwa, oili yake imetoka katika pipa la nyuma ya duka, pengine ni oili chafu iliyochujwa. Tazameni kizibo kama sili yake ni nzima, na kama namba ya kiwandani ipo na haijafutwa. Mkimaliza debe litobeni, msilirudishe sokoni likajazwa tena na kuuzwa kwenu wenyewe. Oili iliyotumika isipakwe mwilini wala kwenye vidonda kama dawa, kama wazee wengine wanavyofanya. Ina uchafu wenye sumu na ngozi inaunyonya. Mwajiri ana wajibu wa kutoa glavu na sabuni, na pipa la kukusanyia oili chafu mbali na mto.

Katika lile shamba la chai, mapatano yaliandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Sasa kuna mapipa mawili ya oili ya gia, jeupe la giaboksi za malori na jekundu la difu, na dumu la pembeni lililoandikwa kwa rangi MATREKTA TU. Nakala za kurasa za vitabu zimebandikwa ukutani gereji, zimefunikwa kwa plastiki. Kila oili inayotoka stoo inaandikwa katika daftari: tarehe, namba ya gari, imetiwa wapi, ni aina gani, lita ngapi, nani aliyetoa na nani aliyepokea. Mzee wa stoo mwanzoni alilalamika kwamba tunamwongezea kazi ya ukarani. Sasa ndiye mkali kuliko wote. Bila sahihi hutoki na hata nusu lita.

Makato ya dereva yalisimamishwa. Alikuwa amekwisha kukatwa miezi mitatu. Ya miezi miwili amerudishiwa. Ya mwezi wa tatu bado tunaidai.